Ufundi wa Kumwona Mgonjwa

Karibu kila parokia ina watu wachache ambao mgonjwa akisikia sauti yao mlangoni, uso wake hubadilika. Si lazima wawe mapadri, wala wenyekiti wa chama chochote. Wamejifunza kwa miaka namna ya kuingia katika nyumba yenye maumivu bila kuyaongeza. Wengi tunasema wamezaliwa na upole. Mimi naamini huo ni ufundi, tena wa zamani katika Kanisa, na unastahili kusifiwa kama tunavyowasifu mafundi waliotujengea makanisa yetu.

Yupo mama mmoja katika jumuiya yetu. Akipiga hodi hasukumi mlango. Anasubiri, maana huenda ndani mgonjwa anafunikwa kanga au beseni linaondolewa. Akiingia huketi mahali ambapo mgonjwa atamwona bila kugeuza shingo. Haulizi daktari amesema nini. Hutoa pole, kisha hunyamaza, na kinywa kikiwa kimetulia, macho yake hufanya kazi: ndoo ya maji imebaki na kiasi gani, watoto waliorudi shule wamekula nini, anayemuuguza mgonjwa alilala jana au alikesha. Hilo la mwisho wengi hatulioni kabisa. Tunamwendea aliyelala kitandani, na yule aliyesimama pembeni wiki nzima, macho mekundu, tunampa mkono na kumpita. Mama huyu huanza na yeye. Humwambia akaoge, akajinyooshe kidogo, mgonjwa ana mtu.

Sijawahi kumsikia akisema, "Mkihitaji chochote mniambie." Ni maneno mazuri, lakini yanamwachia mgonjwa kazi ya kuomba, na kuomba ni mzigo kwa mtu mwenye haya. Yeye husema, "Hizi nguo naondoka nazo, kesho jioni nazirudisha," na kabla hujapata neno la kukataa, fuko limeshajaa. Sala yake ni fupi. Huaga mgonjwa angali anatamani abaki.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, lakini wapo wageni ambao wakitoka homa imepanda. Wanasimulia habari za shangazi aliyeugua hivi hivi na hakumaliza mwezi. Wanapendekeza dawa tatu kwa mpigo. Wengine, kwa jina la Bwana, wanamhoji mgonjwa juu ya dhambi zake na udogo wa imani yake. Marafiki wa Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hakuna walichofanya vizuri zaidi ya hicho. Walipoanza kueleza sababu za mateso yake, waliharibu.

Ukiisoma Injili ukiwa na jicho la muuguzaji, utashangaa jinsi Yesu alivyoangalia mambo madogo. Binti wa Yairo, msichana wa miaka 12, amefufuliwa. Nyumba nzima imepigwa na butwaa, na katika mshangao ule yeye anaagiza mtoto apewe chakula. Muujiza umekwisha, lakini tumbo la mtoto ni tupu, na hakuna mwingine aliyelikumbuka. Na yule Msamaria wa mfano wake hakuishia kuona huruma. Alimimina mafuta na divai, akafunga majeraha, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akakesha naye katika nyumba ya wageni. Kesho yake akamwachia mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kulipa lililozidi atakaporudi. Mimi hukaa sana hapo kwenye kurudi. Siku ya kwanza ya msiba wa mtu kila mmoja yupo. Wiki ya tatu ndiyo inayompima jirani.

Hapa hapa Afrika, mwaka 203 huko Karthago, Perpetua alifungwa gerezani kwa ajili ya imani, naye alikuwa na mtoto anayenyonya. Kumbukumbu za kifungo chake zinawataja mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliowalipa walinzi ili wafungwa wahamishiwe kwa saa chache mahali penye nafuu ndani ya gereza. Hawakuwa na uwezo wa kuifungua milango. Walichopata ni saa chache za hewa, na katika saa hizo mama alimnyonyesha mwanawe. Nawaheshimu mno watu wawili hawa, maana walikitafuta kile kilichowezekana na wakakipata.

Lakini upendo usiopangwa nao huumiza. Agosti 1617, Vincent de Paul akiwa paroko wa Châtillon, Ufaransa, aliarifiwa kwamba familia moja nje ya mji imelala yote kwa ugonjwa. Akaitaja katika mahubiri. Alipokwenda kuwaona aliwakuta waumini wamejaa barabarani, wakienda na kurudi, kila mmoja na chakula chake. Akatambua kwamba leo chakula kitawazidi na kuoza, na baada ya siku chache watalala njaa tena. Ndipo alipowaita wanawake wa parokia wapokezane zamu. Katika kanuni aliyowaandalia mwaka ule ule kuna maelezo ya namna ya kumwandalia mgonjwa kitandani na kumnawisha mikono kabla ya kula. Kuna na jambo jingine ambalo lingepaswa kufundishwa katika kila kigango: mhudumu aanze na wagonjwa wenye watu wa kuwatunza, amalizie na aliye peke yake, ili apate nafasi ya kukaa naye zaidi.

Sisi tumepewa chombo cha kazi hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa, yaani familia chache za jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba na kujuana kwa majina. Inaniuma nikiona jumuiya imegeuka daftari la michango. Pesa zinazotumwa kwa simu ni msaada wa kweli; mtu aliyelazwa anazihitaji. Ila haziwezi kuona kwamba ndoo ni tupu.

Katika ile habari ya hukumu iliyomo katika Matayo, waliobarikiwa hawakumbuki. Wanauliza ni lini walimwona Bwana mgonjwa wakamwendea. Nadhani hawakuwa wakijinyenyekesha kwa maneno. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi mno hata mikono yao ikazoea, wakaacha kuhesabu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jumuiya itakapokutana wiki hii, kabla ya michango kusomwa, uliza ni nani hajaonekana siku za karibuni. Nenda kwake na mtu mmoja tu, msiende kundi. Bebeni kitu kinacholiwa siku hiyo hiyo, mwangalieni na anayemuuguza, na kabla ya kuaga semeni siku mtakayorudi. Siku hiyo ikifika, rudini.