Foni ya Bunyakiri: Waya wa Chini Unaoushinda Mlingoti

Chora mstari kwenye ramani kutoka Bukavu hadi Bunyakiri, katika teritwari ya Kalehe, utapata kilomita zisizofika 70. Kwa kituo cha FM chenye nguvu za kutosha, huo si umbali wa kutisha. Tatizo ni kilichosimama katikati. Mstari huo unapita karibu na mlima Kahuzi, mita 3,308 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi na Bunyakiri imelala chini zaidi, ng'ambo ya mbuga ya wanyama inayouzunguka mlima huo.

Tufanye hesabu. Wimbi la megahezi 95 lina urefu wa mita tatu na kidogo. Likigonga ukingo wa mlima hujipinda na kushuka upande wa pili, lakini kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo linavyojipinda kwa shida. Kilele kikipita mstari wa macho kwa mita 2,000 hivi, hasara inakaribia desibeli 35, yaani katika kila sehemu 3,000 za nguvu ni moja tu inayovuka. Kwenye mgongo wa kilima utasikia mchakarisho wenye sauti ya mtu ndani yake. Bondeni hutasikia kitu. Dawa ya kawaida ni kusimika mnara juu ya mlima upokee na kurusha upya, na kampuni za simu hufanya hivyo. Ila mnara unataka barabara, mazuti na mlinzi, na katika Kivu ya Kusini vitu hivyo vitatu havipatikani pamoja kila mwaka.

Foni, yaani redio ya kuitana kati ya kituo na kituo, haikuhitaji hata kimoja. Miaka mingi kabla ya simu za mkononi, na hata baada yake, parokia, zoni za afya, ofisi za mbuga na wafanyabiashara wa mashariki ya Kongo wamekuwa wakiongea kwa redio hizo za wati 100 hivi, zinazokula betri ya gari inayochajiwa na paneli ya sola. Antena yake ni nyaya mbili, kila moja mita 10, zilizofungwa kati ya mikaratusi au miti miwili ya mianzi, na kebo ikishuka katikati kuingia dirishani. Mgeni akiiona hudhani ni kamba ya kuanikia nguo.

Siri yake ni kwamba haijaribu kuvuka mlima. Kwa masafa ya megahezi 7, wimbi hupanda karibu wima, kwa pembe inayozidi nyuzi 80, hadi tabaka la ionosfia lililo kilomita 300 hivi juu yetu, ambako jua limepasua atomi na kuacha elektroni huru. Hilo ndilo tabaka ambalo Edward Appleton aligundua huko Uingereza katika miaka ya 1920, kazi iliyomletea Nobeli mwaka 1947. Wimbi hurudishwa chini na kumwagika kama mvua juu ya eneo lenye upana wa mamia ya kilomita. Ili sauti ifike Bukavu inasafiri kilomita 600 badala ya 60, kwa milisekunde mbili. Kahuzi haimo kabisa katika hesabu hiyo.

Hapa ndipo mwanafunzi wa elektroniki anapokwama, kwa sababu amefundishwa kwamba antena ikiwa juu zaidi ni bora zaidi. Kwa FM ni kweli. Kwa foni ya Bunyakiri ni hatari. Waya uliolala hutuma wimbi juu na chini pia. Lile la chini hugonga ardhi, likageuzwa, kisha likapanda kulifuata la kwanza. Urefu wa wimbi la megahezi 7 ni karibu mita 43. Waya ukiwa mita 10 na nusu kutoka ardhini, robo ya wimbi, yale mawili hukutana yakiwa sambamba na kusaidiana. Upandishe hadi mita 21 kwa kudhani unauboresha, na yanakutana yakipingana: nguvu inayoelekea utosini karibu yote inapotea, ikitawanyika kwa pembe za chini kuelekea miji ya mbali. Utasikika Kinshasa na Bukavu wasikusikie. Kinyume chake, ukiushusha hadi mita tano hivi hasara ni nusu tu ya nguvu, jambo ambalo sikio halilioni sana. Ardhi halisi si kioo, kwa hiyo hesabu hulegea kidogo, ila mwelekeo haubadiliki. Fimbo ndefu iliyosimama kwenye Land Cruiser ina kasoro hiyohiyo, maana haitumi kitu kuelekea ncha yake. Ndiyo sababu madereva wajanja huikunja kinyumenyume na kuifunga kwenye kerieri wanapotaka kuongea na kituo cha jirani.

Masafa nayo hayachaguliwi kwa mapenzi. Jua likizama elektroni hupungua, na usiku wa manane megahezi 7 inayopanda wima inaweza kupenya na kwenda zake angani. Inabidi kushuka hadi megahezi 4 au chini yake. Lakini ukitumia hiyo 4 mchana, tabaka la chini linaloitwa D huimeza takriban mara tatu zaidi ya 7, kwa kuwa umezaji huo hupungua kwa kufuata kipeo cha pili cha masafa. Kwa hiyo kila kituo kinahitaji namba mbili na saa ya kubadilisha.

Halafu kuna radi. Uchambuzi wa takwimu za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, hapo hapo kati ya Bukavu na Kahuzi, nafasi ya pili duniani: mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake. Kila mmweko ni kisambazaji kikubwa kisicho na leseni, na kelele yake huzidi kadiri masafa yanavyoshuka. Alasiri, mawingu yakishapanda, wati 100 hazifui dafu. Ratiba ya kuitana ni bora iwe asubuhi, ionosfia ikishapata jua na kabla mvua haijaanza kujikusanya. Ngurumo ya kwanza ikisikika, kuzima redio hakutoshi: mwendeshaji mzoefu huchomoa kebo ya antena na kuitupa nje ya dirisha.