Sifuri Zisizoandikwa na Mtu

Iagize NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, itengeneze safu ya sifuri milioni 100. Kila namba ya desimali inachukua baiti 8, kwa hiyo safu nzima ni baiti milioni 800. Kwenye Linux, amri ya zeros inamaliza papo hapo. Amri ya ones, inayojaza moja badala ya sifuri, inakawia waziwazi, ilhali ukubwa ni uleule.

Siri imo katika lugha ya C iliyo chini ya NumPy. Humo, malloc inatoa nafasi ya kumbukumbu jinsi ilivyo, hata ikiwa na mabaki ya data ya awali. Calloc inaahidi nafasi yenye sifuri tupu, na ndiyo inayotumiwa na zeros. Ombi likiwa dogo, calloc huifuta nafasi yenyewe. Likiwa kubwa, kuanzia takriban kilobaiti 128 kwa mpangilio wa kawaida wa glibc, maktaba ya C inayotumika sana kwenye Linux, nafasi huombwa moja kwa moja kwa keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Keneli kamwe haiipi programu kumbukumbu chafu, maana huenda ina nywila za programu nyingine. Calloc inalijua hilo, hivyo hairudii kufuta.

Keneli nayo haina pupa. Mwanzoni inatenga anwani tu. Ukurasa halisi, ambao kwa kompyuta nyingi ni baiti 4096, husafishwa na kukabidhiwa pale programu inapouandikia kwa mara ya kwanza. Gharama haikufutwa, imeahirishwa.

Moja haipati upendeleo huu. Kwa kanuni ya IEEE 754, sifuri ya desimali ni biti zote sifuri, sawasawa na ukurasa uliosafishwa. Moja ina biti zake, na lazima ziandikwe katika kila nafasi.

Kwa mwandishi wa programu, kupima muda wa zeros peke yake ni kujidanganya: pima pamoja na uandishi wa kwanza. Usidhani pia kwamba safu ikishaundwa kumbukumbu inatosha. Programu inaweza kuuawa baadaye, katikati ya kazi, kurasa zinapodaiwa. Na kama utajaza kila nafasi mwenyewe, tumia amri ya empty, ambayo haijazi chochote, mradi usisome chochote kabla ya kuandika. Kwa kazi nyingine zote, zeros ndiyo chaguo salama, na kasi yake ya mwanzo isikufanye usahau deni lake.