Barabara Kwanza, Viwanja Baadaye

Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa dalali wa Wazo, Kinondoni, hesabu ni nyepesi: kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, basi ekari inatoa viwanja 10. Hesabu hiyo ndiyo iliyotuachia vichochoro ambavyo gari la maji taka haliingii, na msiba ukitokea jeneza hupitishwa kwa shida kati ya kuta mbili.

Tuipige upya. Chukua ekari yenye upana wa mita 48 na urefu wa 84. Pitisha katikati barabara ya mita 8. Kila upande unabaki na kina cha mita 20. Kila safu inatoa viwanja vinne vya 21 kwa 20, jumla 8. Barabara imekula sehemu moja ya sita ya shamba, na eneo la wazi bado halijatengwa. Muuzaji ataona amepoteza viwanja viwili. Mimi naona ameacha kumuuzia mtu kiwanja cha nyuma kisichofikika.

Umbo nalo lina uzito. Kiwanja cha 16 kwa 25 kina mita za mraba zilezile 400, ila uso wake barabarani ni mita 16. Kwenye mita 80 za barabara, bomba na nguzo, upande mmoja unahudumia kaya tano badala ya nne.

Mivumoni, huko huko Wazo, kazi ilianzia kwenye mchoro. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanzishwa na Wizara ya Ardhi mwaka 2002 kwa mkopo wa Hazina, ulifidia wenye mashamba, ukapanga, ukapima na kufungua barabara; mauzo ya viwanja yakawa ya kurudisha mkopo. Maji na umeme vilichelewa, na wengi waliofidiwa walilalamika kwamba fidia ilikuwa ndogo. Hilo ni doa kubwa, wala halifutwi na unyoofu wa mitaa.

Mwenye shamba leo aanzie kwa maofisa mipango miji wa Manispaa ya Kinondoni, kabla ya kumwita mpima. Mchoro ukiidhinishwa, ndipo bikoni zisimikwe, ramani ya upimaji isajiliwe, na hati zifuate. Mchoro huo auchore pamoja na majirani, kila mmoja akitoa kipande chake cha njia, maana barabara ya ekari moja hugotea kwenye mpaka wa shamba la pili.