Kasi Iliyozaa Udhaifu

Novemba 2017 serikali ya Estonia ilisimamisha vyeti vya kielektroniki vya vitambulisho zaidi ya 700,000, ilhali funguo za kadi hizo zilifaulu kila jaribio la kawaida. Ufunguo wa siri ulitia sahihi, wa umma ukaithibitisha. Namba tasa zilizojenga funguo hizo zilikuwa tasa kweli, nazo zilipatikana upesi. Kosa lilikuwa kupima kasi peke yake na usahihi peke yake, kwani kasi yenyewe ndiyo iliyozaa udhaifu.

Kutafuta namba tasa kubwa ni kubahatisha: unachukua namba nasibu, unaipima, ukikosa unaanza upya. Maktaba ya programu ya Infineon, kampuni iliyotengeneza chipu za kadi hizo, ilikata njia kwa kujenga kila namba tasa juu ya vipeo vya 65537, ili isigawanyike kamwe kwa tasa ndogo. Muda ukapungua, na unasibu pia: katika funguo za biti 512, namba tasa ya biti 256 ilibaki na unasibu wa biti 99 tu. Tena alama ilibaki hadharani. Gawanya namba ya ufunguo wa umma kwa 11, na baki litakuwa 1 au 10 tu, wakati ufunguo wa kawaida hutoa lolote kuanzia 1 hadi 10. Gawanya kwa 37, utapata 1, 10 au 26. Ufunguo mmoja waweza kuangukia hapo kwa bahati; funguo elfu, haiwezekani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk, Brno, waliigundua kasoro hiyo kwa kuchambua funguo zenyewe, bila kuona msimbo. Kwa biti 2048, walikadiria kwamba kuuvunja ufunguo mmoja kungechukua prosesa moja hadi miaka kama 140, nayo ni kazi inayogawika kwa maelfu ya prosesa.

Atakayesema chipu hizo zilikuwa na vyeti vya usalama vya kimataifa atakuwa amesema kweli, na kweli hiyo ndiyo inayotisha: ukaguzi wote ule haukuiona kasoro. Hoja nzito zaidi ni kwamba chipu ya kadi ina nguvu ndogo ya kuhesabu na kiwanda hakiwezi kungoja. Naikubali haja ya kasi, lakini siikubali njia iliyotumika. Baki la namba kwa kila tasa ndogo likichaguliwa kinasibu miongoni mwa yote yanayofaa, badala ya vipeo vya namba moja, namba bado haitagawanyika kwa tasa ndogo na muda utaokolewa vilevile. Kwa hiyo kipimo kizalishe funguo kwa maelfu ndani ya chipu ileile itakayouzwa, kiandike muda wa kila mmoja, kisha kihesabu mabaki yake kwa 11, kwa 37 na kwa tasa ndogo zinazofuata, kabla kadi ya kwanza haijatoka kiwandani.