Uashi Uliofungiwa Gizani

Makaburi mengi ya wakuu wa dola ya Baekje yalijengwa kwa mawe. La Mfalme Muryeong, lililoko Gongju, Korea Kusini, ni la matofali ya kuchoma. Mfalme alifariki mwaka 523, akazikwa 525, na mwaka 529 malkia akalazwa ubavuni pake. Waashi walipanga safu nne za matofali ya kulala, kisha moja ya kusimama, na kuendelea hivyo hadi kuta zikajipinda juu zikawa dari ya tao. Katika safu za kusimama, tofali moja hubeba nusu ya ua la yungiyungi, na tofali jirani hubeba nusu ya pili. Kalibu ikikosea kidogo, ua limevunjika. Kuta zina vishubaka vitano vya taa vyenye umbo la mwali wa moto. Uangalifu wote huo ulitumika kwenye chumba ambacho kingefungwa kisitazamwe tena, na huo ndio ufundi wa kweli: kazi njema hata pasipo mtazamaji.

Wapo watakaosema sifa hizi ni za China, kwani mtindo ni wa dola ya Liang. Ni kweli, na tofali la kaburi jirani, lile la namba 6, lina maandishi yanayokiri kwamba mafundi waliifuata Liang. Lakini kujifunza si kuiba. Mwashi aliyemtaja mwalimu wake alijua thamani ya elimu, na kuta zilizodumu zaidi ya miaka 1,400 zinathibitisha kwamba somo lilimwingia.

Sisi wa leo tulilipokeaje kaburi hilo? Mwaka 1971, wachimba mfereji wa kuondoa maji walilifikia likiwa halijaguswa na wezi. Likafunguliwa, na vitu vilivyokuwamo vikaondolewa usiku kucha. Wapo watakaotetea kwamba umati na waandishi wa habari walikuwa wakisukumana mlangoni. Shinikizo hilo lilikuwapo, lakini mlango ungeweza kufungwa tena hadi kazi ipangwe. Kim Won-yong, kiongozi wa ufukuaji wa kaburi, baadaye aliijutia haraka ile. Vitu vilipona, lakini mpangilio wake, ambao ungesimulia namna mazishi yalivyofanyika, haukuandikwa ipasavyo, na haurudi. Tangu 1997 kaburi limefungwa, na wageni huoneshwa nakala yake tu. Waliojenga kwa ajili ya giza walikuwa waangalifu kuliko waliofungua wakiwa na taa mkononi.