Alianza na Duka Dogo Rongai

Kuna hadithi ambayo kila mtu wa Nakuru anaijua hata kama hajawahi kuisoma. Mzee alikuwa na duka dogo. Aliamka kabla ya jogoo, hakulewa, hakula faida. Leo duka lina matawi kila mji, na wewe unayesoma unaulizwa: unangoja nini?

Nimeikuta kwenye magazeti, nimeisikia redioni ndani ya matatu ya Njoro, na mjomba amenisimulia mara tatu akitaka niache mambo ya fasihi nitafute kazi ya maana. Sasa nataka kuisoma kama ninavyosoma riwaya. Nani anasimulia? Nani ameachwa nje? Na hadithi inakatwa wapi?

Kwanza, haki yake tuipe. Hadithi yenyewe si ya uongo. Supamaketi tatu kati ya zile kubwa zaidi ambazo Kenya imewahi kuwa nazo zilitoka huku kwetu. Nakumatt ya familia ya Shah ilianza na magodoro, na jina lenyewe ni Nakuru na mattress zilizobanwa pamoja. Tuskys ya Joram Kamau ilichipuka Rongai. Naivas ya Peter Mukuha ilianza hapo hapo Rongai mwaka 1990, duka la kujihudumia, kisha ikaenda Naivasha na kubeba kipande cha jina la mji huo. Na hapa nasema Rongai ya Nakuru, ile ya mahindi na reli, si ile ya karibu na Nairobi ya matatu zenye graffiti.

Kwa nini hapa? Hadithi ya mzee mmoja haiulizi hivyo, na hiyo ndiyo kasoro yake ya kwanza. Reli na barabara kuu ya kwenda Uganda zinapita hapa. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa, na watu wakajaa wakiwa na mavuno ya kuuza na sukari ya kununua. Mwenye duka alikuwa na bidii, sawa, lakini pia alikuwa amesimama pale watu walipokuwa wanapita. Ukimwambia kijana wa Kaptembwa aige bidii bila kumwonyesha barabara, umemuuzia nusu ya hadithi kwa bei ya hadithi nzima.

Kasoro ya pili iko kwenye neno "bei nafuu". Hadithi hutuambia mzee alikubali faida ndogo ili auze kwingi. Ni kweli, ila kuna mkono mwingine. Supamaketi huchukua bidhaa kwa mkopo, huziuza leo kwa pesa taslimu, halafu humlipa aliyezileta baada ya siku 60 au 90. Katikati ya siku hizo kuna pesa za mtu mwingine mkononi mwako. Ukiwa mwangalifu, zinakusaidia kujaza rafu. Ukiwa na tamaa, unafungua tawi jingine kwa hizo pesa, na tawi hilo linahitaji tawi la kulilipia deni. Yaani mtaji mwingine wa hao matajiri wetu ni subira ya watu wasiotajwa popote.

Mmoja wao ni shangazi yangu. Alikuwa anapeleka mayai kwa duka moja kubwa, silitaji. Siku 30 zikawa 90, 90 zikawa mwaka. Nilipomuuliza alinijibu, "Karatasi walinipatia, mwanangu. Pesa ndiyo sijaona." Kuku aliwauza mmoja mmoja ili anunue chakula cha waliobaki. Hakuna gazeti lililomwandika, na yeye pia aliamka kabla ya jogoo.

Kasoro ya tatu ni mwisho. Hadithi hizi hukatwa siku ya utepe, mzee akitabasamu na makasi mkononi. Ongeza kurasa chache uone. Nakumatt ilifika matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, ikawekwa chini ya msimamizi Januari 2018 ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Tuskys ilibaki mikononi mwa watoto baada ya Kamau kufariki mwaka 2002, ndugu wakapelekana kortini, na kuanzia 2020 rafu zikabaki tupu na matawi yakafungwa. Aliyepanga maziwa kwenye friji alijua mapema kuliko waandishi wa biashara, kwa sababu maziwa yaliacha kuja.

Inawezekana kuiandika vizuri zaidi. Njenga Karume, aliyezaliwa Elementaita, mwendo mfupi tu kutoka mjini, alitoa tawasifu yake mwaka 2009: Beyond Expectations: From Charcoal to Gold. Jina la kitabu ni lile lile la kutoka makaa hadi dhahabu, na mimi nilikifungua nikiwa nimenuna. Lakini Karume hafichi kwamba alijuana na wakubwa, kwamba siasa na biashara zilikaa meza moja. Unaweza usimpende, ila angalau anakuonyesha ngazi aliyopandia. Profaili zetu za kurasa mbili huondoa ngazi, zikamwacha mtu juu ya dari kama malaika.

Naivas bado ipo, na ndiyo inayonipa kazi zaidi. Mukuha alifariki mwaka 2010. Familia ikaendelea, na kuanzia 2020 ikauza sehemu ya umiliki kwa wawekezaji wa nje, wakiwemo IBL wa Mauritius mwaka 2022. Hapo pana hadithi nzuri sana: duka la Rongai kukubali kukaguliwa na wageni huenda ni uamuzi mgumu kuliko kuamka alfajiri. Lakini nani ataisimulia? Haina makasi wala utepe. Ina mikutano na mahesabu.

Mjomba akija tena na hadithi yake nitamsikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha nitamwomba amsimulie shangazi, mimi nikiwa nimekaa pembeni.