Mwanamke Mwenye Hesabu Zake

Mwaka 1996 kituo cha ITV cha Uingereza kilionyesha tamthilia ya sehemu nne iliyotokana na Moll Flanders, riwaya ya Daniel Defoe ya mwaka 1722. Hadithi yenyewe ni ya vitanda na vituko. Moll anazaliwa katika gereza la Newgate, anaolewa mara tano, mara moja na ndugu yake wa damu bila kujua, anaishi kwa wanaume, anaiba, anasafirishwa Virginia kama mfungwa, kisha anazeeka akiwa na mali yake. Andrew Davies, aliyeandika skripti, angeweza kutosheka na vitanda. Lakini alifanya jambo moja la kifundi ambalo kwangu linayapita magauni na farasi wote wa tamthilia za enzi hizo: alimwachia Moll ageuke katikati ya tukio, aitazame kamera, azungumze nasi. Alex Kingston, aliyeigiza nafasi hiyo, haombi radhi. Anatoa hesabu.

Na hesabu ndiyo roho ya kitabu. Defoe mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kufilisika, akajua deni linavyomkaba mtu. Kila mume akifa au akitoroka, Moll anatuambia amebakiwa na kiasi gani. Anaolewa na James, ambaye katika tamthilia ni Daniel Craig, akiamini kampata tajiri. Kumbe James naye kaoa akiamini vivyo hivyo. Wote wawili hawana kitu, na huyo ndiye mwanaume anayempenda kuliko wote. Mtunzi wa skripti anayetoa fedha katika hadithi ya namna hii akabakiza mahaba peke yake ametoa mifupa, akaacha nyama isiyoweza kusimama.

Ninaisifu kazi hiyo nikiwa na wanawake wengine akilini. Katika miaka ya 1930, bei ya kahawa ilipokuwa imeanguka, wanawake wa Kihaya kutoka Bukoba walivuka Ziwa Victoria kwenda Kisumu, wakafika Nairobi kuuza miili yao. Katika mtaa wa Pumwani waliitwa Waziba, hata yule ambaye kwao si Kiziba, sehemu moja tu ya Buhaya. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake The Comforts of Home cha mwaka 1990, ameeleza maisha yao kutokana na mazungumzo na wazee wa Nairobi: walikaa nje ya milango ya vyumba vyao, wakataja bei bila kuficha, na fedha wakazipeleka nyumbani. Wanaume wa kwao walioona aibu walijaribu kuwarudisha. Fedha zao hazikukataliwa.

Anayeijua ardhi ya Buhaya anaelewa mara moja zilikokwenda. Kwa mila, binti hakumiliki kibanja cha ukoo, yaani shamba la migomba na mibuni. Alikula ndizi zake, akavuna kahawa yake, lakini kukiuza hakuweza. Kibanja cha kununua kilikuwa habari nyingine. Hicho hakikupitia kwa babu wa mtu yeyote. Mwanamke aliyerudi na akiba alinunua migomba na mibuni, akawa na mahali ambapo kaka hakuweza kumfukuza. Uzito wa jambo hilo ulionekana hata miongo mingi baadaye, katika kesi isiyohusiana kabisa na safari za Nairobi. Holaria Pastory alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, akashtakiwa na ndugu yake wa ukoo. Shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanaume.

Nchini Tanzania tunazichekea habari za mwili za Wahaya. Mtu wa Kagera akijitambulisha ugenini huulizwa kuhusu Katerero, kata ya wakulima huko Bukoba Vijijini ambayo jina lake limegeuzwa mzaha wa taifa kuhusu ngono. Kicheko hicho kinanichosha, kwa sababu wanaocheka hawamwachii mwanamke hata sentensi moja.

Ufundi huo wa Davies, wa msimulizi kutugeukia katikati ya tukio, ungekaa vizuri sana kwetu, kwa kuwa mpiga enanga wa Kihaya anaujua tangu zamani. Chombo chake ni ubao uliochongwa kwa kina kidogo, na uzi, zamani wa mishipa ya ng'ombe, umevutwa huku na huko juu yake. Anaimba habari za mashujaa kama Kachwenyanja au Rukiza, sasa akiwa mfalme, sasa akiwa mke wa mfalme. Katikati anaweza kuiacha hadithi, akamwita aliyeketi mbele yake kwa jina, akamtania, akadai pombe, akarudi palepale alipoachia. Profesa M. M. Mulokozi aliandika makala ya kitaaluma kuhusu mafundi hawa mwaka 1983, akiuliza kama ni wasanii wa utendi. Mimi ningewaomba waje pia kwenye chumba cha waandishi wa skripti. Watafundisha lini msimulizi akatize kisa na lini anyamaze, jambo ambalo tamthilia zetu nyingi za televisheni hulifidia kwa muziki wa huzuni.

Riwaya yetu tunayo, na ni ya kandokando ya ziwa hilihili. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ilitoka mwaka 1971 na ikapigwa marufuku shuleni kwa kuusema mwili waziwazi. Ni kitabu kikubwa, na ukali wa baba yake Rosa ungetisha kwenye skrini. Lakini Rosa hafiki uzeeni. Kwa upande wa filamu, Amil Shivji ameshaonyesha mwaka 2021, kwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kwamba Zanzibar ya miaka ya 1950 inaweza kujengwa upya kwa heshima, na Yasmin akaikimbia ndoa yake bila kugeuzwa kichekesho wala funzo.

Tamthilia ya wanawake hao wa Bukoba ingetaka mikono mingi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 liliharibu nyumba nyingi, kwa hiyo mitaa ya zamani ya mji ingebidi ijengwe na mafundi seremala. Angehitajika mtu wa kuezeka msonge, mtu wa kugonga lubugo, nguo ya gome la mti, na mwigizaji anayejua namna ya kumpa mgeni kahawa ya kutafuna kwa mikono miwili. Mhusika mkuu apewe waigizaji wawili, kijana na mzee, kwa sababu kuzeeka kwake ndiko kiini cha kisa. Lugha iwe Kiswahili cha Pumwani akiwa kazini, Kihaya akiwa kwao, na mtazamaji aachiwe asikie tofauti.

Wajukuu wa wanawake hao wapo, Kamachumu na kwingineko, na wengine wamesomeshwa kwa kahawa ya vibanja hivyo. Mwandishi akiwafikia asianze na chumba cha Nairobi. Aulize kibanja kilinunuliwa kwa nani, kwa shilingi ngapi, nani alisimama shahidi siku mpaka ulipopandwa miramula, mimea ya kuonyesha mpaka, na bibi alilala nyumba ipi usiku wa kwanza akiwa mwenye mali.